Mzee Tunayempenda, na Pale Tunapojificha

 

 Wewe uliyeketi kungojea imamu apande mimbari, na karatasi hii iko mkononi mwako, nakuuliza swali ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kujiuliza. Yule mzee unayempenda, yule ambaye jina lake likitajwa moyo wako unatulia, je, unamfuata au unajificha nyuma yake? Usijibu haraka. Mimi nilijibu haraka, na jibu langu lilikuwa uongo kwa muda wa miaka miwili.

Sisi watu wa tarika ya Qadiriyya hapa Maniema tumelelewa katika kupenda wazee wetu. Mtoto anajua jina la khalifa wa babu yake kabla hajajua kuhesabu rakaa. Basi nami nilikua nikisikia habari za mzee mmoja wa upande wa Kasongo, mtu wa zikri na mtu wa elimu, ambaye watu walimwita Mwalimu tu, bila kuongeza kitu. Sitalitaja jina lake. Amekwisha kufariki, Mungu amrehemu, na hakuwa mtu wa kupenda kutajwa. Baba yangu alipokuwa akisimulia habari zake alikuwa akishusha sauti, kama mtu anayepita mbele ya mwenye kuswali.

Mwaka 2006, mwaka ule wa uchaguzi wa kwanza baada ya vita, nilitoka Kindu kwa baisikeli kwenda Kasongo. Njia ni zaidi ya kilomita 200, na wakati ule ilikuwa tope na madaraja ya magogo. Nilichukua chumvi na sabuni za kuuza njiani, lakini shabaha yangu ilikuwa kumwona Mwalimu. Biashara yangu ilikuwa imekwama. Gunia moja la chumvi liliingia maji ya Lualaba, wadeni wangu wawili walihama bila kuaga, nami nikasema moyoni: nitakwenda kwa mzee aniombee dua, mlango ufunguke.

Nilipofika niliona kizee mmoja chini ya mwembe, anachambua mawe katika mchele pamoja na mjukuu wake, kofia yake imechanika pembeni. Nikamsalimu, nikamwuliza nyumba ya Mwalimu iko wapi. Akasema, "Kaa kwanza, mwanangu, mchele huu una mawe mengi." Nikakaa. Tukachambua mchele watu watatu, mpaka yule mtoto akaanza kucheka, ndipo nikafahamu niliyekaa naye ni nani. Aibu ilinishika, ndugu zangu. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya heshima njia nzima, na sasa mikono yangu ilikuwa imejaa pumba.

Nikamweleza shida zangu zote, juu ya chumvi na juu ya wadeni. Akasikiliza, akainua mikono, akaniombea dua fupi. Nilipokuwa nikiinuka kuaga, akaniuliza huku macho yake yako kwenye ungo: "Na mayatima wa nyumba yenu, wanakula wapi?"

Mwili wangu ulisisimka. Sikuwa nimemwambia neno lolote juu ya mayatima. Ukweli ni huu: mkubwa wangu alifariki mwezi wa tatu wa mwaka 2001. Aliacha mjane na watoto watatu, na aliacha parsele moja Kindu yenye nyumba. Mjane alirudi kijijini kwao na watoto. Mimi nilibaki na ufunguo. Vyumba vitatu vilikuwa na wapangaji, kila chumba dola 5 kwa mwezi, na dola hizo 15 zilikuwa zikiingia mfukoni mwangu. Nikamjibu Mwalimu, "Wako kwa mama yao, Baba, ni wazima." Na ilikuwa kweli, walikuwa wazima. Lakini hakuwa ameniuliza kama ni wazima. Alikuwa ameuliza wanakula wapi. Hakusema neno tena. Alinipa mchele kidogo wa kula njiani.

Sasa sikiliza nilivyofanya. Ungedhani nilirudi Kindu na kutoa ufunguo. Hapana. Nilirudi Kindu nikawa msimulizi. Kila penye zikri, kila penye maulidi, niliposikia mazungumzo yanaelekea kwa wazee wetu, nilikohoa nikaanza: "Mimi Mwalimu nilimwona kwa macho yangu, na alijua siri yangu kabla sijafungua mdomo." Watu wakasema Allahu akbar. Wengine walilia. Mimi mwenyewe nililia, na machozi yalikuwa ya kweli, msifikiri nilikuwa naigiza. Nilimpenda mzee yule kuliko nilivyowahi kumpenda mtu. Na kila mwisho wa mwezi nilipita kwenye parsele ya marehemu kuchukua dola zangu 15.

Ilikuwaje mambo mawili haya yakae katika kifua kimoja bila kugombana? Hilo ndilo linalonishughulisha mpaka leo. Nimefikiri hivi. Nilipokiita kile kitendo karama, nilikihamisha. Kilitoka kwangu kikawa chake. Swali lilikuwa juu ya watoto na chakula, mimi nikaligeuza likawa juu ya Mwalimu na elimu ya siri. Watu waliponisikiliza walimtazama yeye, hakuna hata mmoja aliyenitazama mimi. Hakuna aliyeuliza, "Na siri yenyewe ni nini?" Adabu iliwazuia. Nami nikapata mahali pazuri pa kukaa: nyuma ya kanzu ya mtu mwema.

Na nilikuwa na aya yangu pia, kwa maana mtu mwenye kujificha hakosi aya. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 6, Mwenyezi Mungu anamtaka mlezi tajiri ajizuie na mali ya yatima, na anamruhusu mlezi fukara ale kwa kadiri inayofaa. Basi mimi nilijihesabu fukara siku moja katika mwezi, siku ya kupokea kodi. Siku nyingine zote nilijiita mfanyabiashara. Aya ya 10 ya sura hiyohiyo, ile inayosema juu ya wanaokula mali ya mayatima kwa dhuluma na moto ulio matumboni mwao, nilikuwa nikiipita mbio katika kusoma, kama mtu anayepita nyumba yenye mbwa.

Mwaka 2008 tulikuwa katika hauli moja hapa Kindu. Nikasimulia kisa changu kama kawaida. Nilipofika pale pa kuulizwa juu ya mayatima, muuza samaki mmoja aliyekaa mkeka wa jirani akasema polepole, "Ah, na mimi aliniuliza vilevile." Mwengine nyuma akasema, "Hata mimi." Mama mmoja upande wa wanawake akapaza sauti, "Mimi aliniuliza mara mbili!" Watu wakacheka sana. Walihesabiwa watano usiku ule. Kumbe Mwalimu alikuwa akimwuliza kila mtu. Vita vilikuwa vimepita Maniema nzima. Nani mwaka ule alikuwa na nyumba isiyo na yatima? Haikuhitaji elimu ya siri. Ilihitaji mtu ahesabu tu.

Nilirudi nyumbani nimekasirika kama mtu aliyeibiwa. Karama yangu imekwisha. Usiku huo sikulala, na alfajiri ndipo nilipofahamu kwamba jambo limenirudia. Kama Mwalimu angelijua kwa kashfu, ningesema ni baina yake na Mola wake. Lakini yeye aliuliza tu, kama mtu yeyote anavyoweza kuuliza, kama mke wangu alivyokuwa akiniuliza nami nikimwambia anyamaze. Sasa hakukuwa na kanzu ya kujificha. Kulikuwa na swali na mimi.

Nitoke kidogo kwangu nikuonyeshe kwamba ugonjwa huu si wa mtu mmoja. Sisi Wamanyema tunapenda kumtaja Shehe Ramiya wa Bagamoyo, na tuna haki ya kumtaja. Jina lake ni Yahya bin Abdallah. Alizaliwa huku kwetu Manyema, akachukuliwa mtumwa angali mtoto, akafikishwa pwani, akawa katika nyumba ya Mwarabu mkubwa wa Bagamoyo, Amir bin Suleiman al-Lamki. Katika mji ule ambao watu walipimwa kwa nasaba zao, yeye asiye na nasaba ya kutajwa alisoma, akasomesha, akawa khalifa wa Qadiriyya ambaye watu wa mbali walisafiri kumzuru. Alifariki mwaka 1931, na mwanawe Muhammad akashika mahali pake. Tukisikia hayo vifua vinapanuka: mtoto wetu, Mmanyema, mtumwa aliyekuwa shehe!

Lakini mbona hatuulizi alichukuliwa na nani? Kasongo na Nyangwe zilikuwa masoko ya pembe na ya watu. Misafara ile ilikuwa na mabwana kutoka pwani, na ilikuwa pia na watu wa hapahapa, wenye bunduki, walioishi kwa kuwakamata jirani zao. Dini yetu imeingia nchi hii kwa njia ileile ambayo mtoto Yahya alitolewa. Hili halipunguzi dini hata kidogo, kwa sababu dini ni ya Mungu. Linatupunguza sisi tunaojivuna. Tunamtaja aliyepanda kutoka utumwani, na hatumtaji aliyemfunga kamba, ambaye pengine ni babu wa mmoja wetu. Tunajificha nyuma ya Shehe Ramiya kama mimi nilivyojificha nyuma ya Mwalimu. Na mtu anayemsifu Shehe Ramiya leo, kisha anamweka mtoto wa ndugu yake nyumbani achote maji na kuuza karanga wakati watoto wake mwenyewe wako masomoni, huyo anasifu nini hasa?

Najua wako vijana wetu waliosoma nchi za nje wanaosema: si ndiyo sababu tunawaambia muache mambo haya ya mashehe na hauli? Muabuduni Mungu, someni Kitabu, basi. Vijana hao wana haki katika jambo moja, kwamba mapenzi ya mtu yanaweza kuziba njia. Nimekwisha kuwapa ushahidi wangu. Lakini nawauliza kwa upole: aya ya 10 nilikuwa nayo katika Msahafu wangu miaka yote, niliisoma kila Ramadhani, na haikunitoa nyumbani. Kosa si la aya, kosa ni langu. Lakini ilibidi mtu mwenye kofia iliyochanika, na ungo wa mchele, aniulize kwa mdomo. Binadamu tumeumbwa hivyo. Mtoto haendeshi baisikeli kwa kuelezwa. Anamwona mkubwa wake anaendesha, anatamani, anaanguka, anapanda tena. Masahaba wenyewe waliifahamu dini kwa kuishi na Mtume s.a.w., na si kwa kusikia tu.

Tazama kisa cha Nabii Musa katika Suratul-Kahf. Yeye ni Mtume, amesema na Mola wake, na bado anafunga safari ndefu kumtafuta mja mwema ajifunze kwake, yule ambaye wanazuoni wanamwita Khidhri. Basi kusafiri kumwona mtu mwema si jambo la kuonewa aibu. Lakini angalia walifanya nini mwisho. Walifika mji ambao wenyeji waliwanyima chakula, wakaukuta ukuta unataka kuanguka, na Khidhri akausimamisha bila ujira. Chini ya ukuta ule ilikuwako hazina ya mayatima wawili. Nimekisoma kisa hiki tangu chuoni, na nilipenda sana ile jahazi iliyotobolewa, kwa maana ina ajabu. Ule ukuta niliupita. Na baada ya ukuta wanaachana. Musa hakuambiwa abaki kumtazama mwalimu wake.

Turudi kwenye parsele. Mwezi wa pili wa mwaka 2009 nilichukua daftari nikahesabu. Miezi 96, kila mwezi dola 15: dola 1,440. Nikatoa 190 nilizotumia kwa mabati na fundi, maana paa lilivuja kweli, nisijidhulumu nami. Ikabaki 1,250. Nilikaa nikaitazama hesabu ile muda mrefu. Kabla ya hapo ilikuwa ni dola 15, kitu kidogo, pesa ya sukari na mafuta ya taa. Moyo haujumlishi, na hilo ndilo linaloufanya utulie.

Nikamwita mtoto mkubwa wa marehemu, ambaye alikuwa amekwisha kuwa kijana mwenye akili yake, nikaleta mashahidi kama aya ile ya 6 inavyotaka, nao walikuwa wanne, nikampa ufunguo na karatasi za parsele. Nikamsomea hesabu. Nilitegemea, nasema kweli, kwamba atanibusu mkono. Alichukua kalamu akanyamaza, kisha akasema: "Baba mdogo, na thumni ya mama?"

Nilikuwa nimemsahau. Wazazi wetu sisi walikwisha kutangulia kabla ya marehemu. Mimi ndugu sina fungu, maadamu marehemu ameacha watoto wa kiume. Mjane ana thumni, sehemu moja katika nane, na kinachobaki ni cha watoto. Elimu hiyo ninayo, nimeisomesha wengine. Lakini katika miaka minane yote, na hata katika usiku wa toba yangu, shemeji yangu hakuingia katika hesabu. Alikuwa akilima mashamba ya watu kwa kibarua. Nilipotaka kuwa mtu mwema niliwafikiria mayatima, kwa sababu Mwalimu alitaja mayatima. Hakumtaja mjane. Unaona, ndugu yangu? Hata katika kutubu nilikuwa bado nafuata maneno ya mzee na si macho yangu.

Dola zile sikuwa nazo. Niliuza cherehani moja na baisikeli mbili, nikawa nalipa kidogo kidogo. Mke wangu alinuna mwaka mzima, na alikuwa na sababu. Yeye aliyekuwa akiniuliza zamani juu ya watoto wale, ndiye sasa aliyekosa kitenge cha Idi kwa ajili ya kosa langu. Shemeji yangu alipokea fungu lake kwa mkono wa mtoto wake. Mimi hajanisamehe kwa maneno, na sijamwomba ashurutishwe na wazee, ingawa wako waliotaka kumshurutisha. Haki ya kunyamaza ni yake.

Mwaka 2013 nilikwenda tena Kasongo. Nilitaka kumwuliza Mwalimu jambo moja tu: siku ile ulijua, au hukujua? Alikuwa amezeeka sana, macho yamefifia, analazwa na kuinuliwa. Nikamshika mkono nikamwambia mimi ni nani, nikamkumbusha mchele, nikamkumbusha mwembe. Hakunikumbuka. Alitabasamu kama mtu anavyomtabasamia mgeni. Watu wangapi walichambua naye mchele ule!

Swali langu likakauka mdomoni. Yeye akaniuliza nimetoka wapi, nikasema Kindu. Akauliza juu ya njia, nikamweleza. Kisha akasema kwa ile sauti yake, "Na mayatima wa nyumba yenu?"

Safari hii nilimjibu nilichoulizwa. Nikasema, "Baba, nyumba wanayo. Pesa, zimebaki dola 340."

Alikaa kimya, nikadhani amelala. Halafu akamwita mjukuu wake, yule aliyecheka siku ile, sasa kijana mwenye ndevu, akamwambia anifungie mihogo ya njiani. Akanigeukia. "Wiki hii njia imekauka," akasema. "Ukitoka baada ya alfajiri, utafika kabla ya mvua."